Urea Nusu Kijiko

Jumamosi, 4 Mei

Daftari hili nilipewa na daktari niandike presha yangu kila asubuhi. Presha ipo, haijahama. Sioni haja ya kuisimulia. Nitaandika mengine.

Nilikuja kwa mwanangu kukaa wiki mbili, goti lipone. Huu ni mwezi wangu wa nne hapa. Goti lilipona ndani ya ule wa kwanza, ila hakuna aliyeniuliza, na mimi si mtu wa kujitangaza.

Leo mkwe wangu, mke wa mwanangu, ametangaza kwamba anatoa ile miti ya plastiki kwenye tangi la samaki na kupanda mimea hai. Tangi liko sebuleni, lita mia na ishirini, na ndani yake mna samaki mmoja. Mmoja! Wa dhahabu, mnene, miaka kumi na moja. Ana umri mkubwa kuliko ndoa yao. Mkwe aliingia naye humu siku ya kuolewa, ndani ya ndoo. Anaitwa Mheshimiwa, na jina limemkaa: hafanyi kazi yoyote, anakula mara mbili kwa siku, na ukipita mbele yake anakutazama kana kwamba umesahau kusalimia.

Nikawaambia: mimi nimekuwa bibi shamba miaka thelathini na moja. Nimeotesha mahindi kwenye kokoto. Vijani vya kwenye kioo vitanishinda nini? Mwanangu akacheka, akasema Mama, hayo ni maji, si shamba. Yeye ni mpima ardhi. Anaipima tu, kuijua haijui.

Jumapili, 5 Mei

Mimi na mkwe tumekwenda kwenye duka la samaki wa kufuga. Ni kijichumba nyuma ya duka la chakula cha kuku, kimejaa matangi mpaka darini, na unyevunyevu wa kukuotesha uyoga masikioni. Muuzaji ni mtu wa makamo, suruali imelowa hadi magotini, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mkwe anauliza: mwanga uwe kiasi gani? Polepole, anasema, anza na mdogo. Mbolea? Polepole. Mimea itakua lini? Polepole. Nimempa jina papo hapo: Bwana Polepole.

Mimi nilichagua fungu moja la majani laini, kijani kibichi, yanacheza majini kama yamesikia ngoma. Polepole akasema mama, samaki wa dhahabu ni mbuzi, hayo atayafyeka. Nikamwambia nifungie. Mkwe yeye akasikiliza na kuandika. Akapewa aina mbili ambazo samaki hazipendi: moja ya majani meusi, magumu kama ngozi ya kiatu, na nyingine ni kangaga la majini. Kangaga! Nimetumia nusu ya maisha yangu kuwaambia watu wang'oe kangaga, leo tunalinunua na kulifungia kwenye mfuko kama keki.

Masharti: kile kishina kinene kisifukiwe. Mmea ufungwe kwa uzi juu ya jiwe, chakula chake unakipata majini. Mbolea ya chupa, mililita mbili, mara moja kwa wiki. Mkwe aliuliza mara tatu: mbili? Mbili, dada. Mbili kamili? Yule mtu ana subira, nakiri.

Jumatatu, 6 Mei

Fungu langu limeliwa. Lote! Umebaki uzi uliolifunga. Mkwe alitazama dari tu, mabega yakitikisika. Acha acheke. Ni mara ya kwanza tangu Februari.

Naandika hili kwa kuwa humu hakuna anayesoma. Mkwe ni mfamasia hospitalini. Februari aliandika vijiko vinne badala ya kimoja kwenye chupa ya dawa ya mtoto. Mama wa mtoto akashangaa, akarudi dirishani kuuliza kabla hajampa. Hakuna aliyedhurika. Mkwe akapewa barua ya onyo, na mkuu wake akasema yamekwisha. Kwake hayajakwisha. Vidonge anavihesabu mara tatu. Mlango anaufunga, anatembea hatua kumi, anarudi kuutikisa. Hata chumvi ya mboga anapima! Hii mimea ni dawa yake mwenyewe: kitu kidogo, dozi ndogo, mkono uzoee tena kujiamini. Alimwambia hivyo mumewe chumbani, nami nikasikia kwa sababu kuta za nyumba hii ni karatasi, na sikio langu halijawahi kustaafu.

Alhamisi, 9 Mei

Mkwe ameitwa kazini ghafla, mwenzake anaumwa. Mimea iko kwenye beseni tangu Jumapili. Akaniomba: Mama, nifungie kwenye mawe, kama alivyosema yule. Uzi huu, mawe haya. Ameyachemsha. Mawe!

Nikaishika mimea, nikaitazama vizuri. Kile kishina kinene kinachotambaa, kina vijicho, kina vinundu — tangawizi tupu. Na tangawizi inafukiwa. Nimefundisha hivyo wilaya nzima. Kufunga mmea kwenye jiwe kama unafunga ndama, hayo ni mawazo ya mtu anayeishi nyuma ya chakula cha kuku. Nikafukia. Vidole viwili chini ya changarawe, nikakandamiza, nafasi sawasawa, mistari miwili. Shamba darasa!

Mkwe karudi jioni, akauliza mawe yako wapi. Yapo chini, nikasema, nimeyafunika kidogo, yanaharibu sura. Uongo ulitoka wenyewe, laini kabisa. Akanikumbatia. Mawe yapo chini ya kitanda changu, ndani ya soksi.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya mbolea. Mkwe amebandika kadi kwenye kioo: tarehe, kiasi, alama. Akavuta mililita mbili kwa bomba la sindano, akaliinua kwenye mwanga, akaligonga kwa ukucha. Mama, ni mbili? Mbili. Una hakika? Nikamwambia hii miwani ni ya kusomea, sijaivaa kwa urembo. Akatia tone kwa tone. Mililita mbili kwenye lita mia na ishirini! Mimi nikimlilia mtu msibani namwaga zaidi ya hiyo.

Akaweka alama kwenye kadi, akakaa kochini, akashusha pumzi ndefu. Uso ulikuwa umefunguka. Nilifurahi. Nampenda huyu binti, ingawa anapima chumvi.

Jumatano, 15 Mei

Majani yanageuka njano. Kuanzia ya chini. Naitrojeni! Hata mtoto wa shule anajua: njano ikianzia chini, mmea unalilia naitrojeni. Nimesoma ile chupa ya Polepole mbele na nyuma. Chuma, potasiamu, na vikorokoro. Naitrojeni hamna hata ya kulamba. Katuuzia maji ya rangi!

Mkwe amesimama mbele ya tangi na mkoba wake bado begani. Ni mimi? Nimetia kidogo mno? Nikamwambia tulia, mwanangu, mimea ina akili zake. Hakutulia. Ameenda kulihesabu bomba mistari yake.

Alhamisi, 16 Mei

Nimetia. Urea, nusu kijiko cha chai, ile ya mchicha wangu wa kwenye madebe kibarazani. Nusu tu! Shambani hiyo ni chafya. Mkwe yuko kazini, mwanangu yuko porini na vigingi vyake mpaka Jumamosi. Kwenye kadi sijaandika. Kadi ni ya wenye sindano.

Nikakoroga kwa mwiko. Mheshimiwa akanitazama. Nikamwambia afunge mdomo wake. Wiki ijayo watu wataona kijani humu ndani, nami nitakaa kimya kwa unyenyekevu mkubwa sana.

Jumamosi, 18 Mei

Mheshimiwa anahema. Yuko juu ya maji, mdomo nje. Anavuta hewa kama mzee aliyepanda ngazi. Chakula hataki. Mwanangu amerudi, anasema labda ni joto. Ndiyo, labda ni joto.

Si joto.

Jumapili, 19 Mei

Asubuhi alikuwa amelala ubavu, matamvua ya kupumulia mekundu kama yamesuguliwa kwa jiwe. Mkwe alipiga magoti mbele ya kioo na kanga yake ya kulalia. Hakulia. Afadhali angelia. Alibandua kadi akaitazama muda mrefu. Jumapili iliyopita, mililita mbili, alama moja. Akasema, labda nilivuta tano. Labda ishirini. Sikumbuki.

Nikasema mimi niliona mbili kwa macho yangu. Akasema Mama, hukuwa unaangalia, ulikuwa unanitania.

Nikamwonyesha chupa: imejaa mpaka shingoni! Akasema labda nilijazia maji nikasahau. Mwanangu akamwambia, mke wangu, mtu hasahau kitu kama hicho. Akamjibu: mimi ndiye mtu wa kuandika vijiko vinne. Mimi nikaisoma tena ile chupa, mbele na nyuma.

Akampigia Polepole, simu kaiweka mezani sote tusikie. Polepole akasema dada, hata ungemwaga chupa nusu, samaki mkubwa hivyo asingeanguka namna hii. Hakuna kitu kingine kilichoingia? Sabuni? Dawa ya mbu? Mbolea nyingine?

Mkwe akanigeukia. Hakunishuku, na hilo ndilo baya. Aliniuliza kama mtu anavyouliza saa. Mama, kuna kitu kingine kimeingia?

Nikasema hapana.

Mwalimu wa wakulima, cheti cha utumishi uliotukuka ukutani, na nimedanganya mbele ya samaki. Akarudi kwenye simu akasema basi ni mimi.

Jumatatu, 20 Mei

Nimebeba ndoo nane. Maji ya bomba niliyaacha yakae tangu jana, dawa yake ya klorini itoke, kisha nikatoa ya tangi nusu na kutia haya. Nimefanya asubuhi na alasiri. Mwanangu akasema Mama, goti! Nikamwambia goti limepona zamani. Akashangaa. Vizuri, na hilo limetoka.

Mkwe kanishukuru kwa kumhangaikia samaki wake. Kanishukuru! Nilitamani aniite mchawi.

Jumatano, 22 Mei

Nilisema naenda kutembeza goti, nikaenda kwa Polepole. Nilichukua mmea mmoja ndani ya mfuko. Akavaa miwani, akabonyeza kishina. Kikatoa uji wa kahawia na harufu ya mtaro.

Ulifukia, akasema. Nikasema nilifukia. Akasema kikifukiwa kinakosa hewa, kinaoza, majani yanageuka njano. Haikuwa njaa, mama. Ilikuwa kuoza.

Thelathini na moja! Miaka thelathini na moja ya kusoma majani, na nimeshindwa kutofautisha njaa na kuoza. Wakulima wangu wakisikia watarudisha kofia nilizowagawia mafunzoni.

Kisha akauliza taratibu, na ukatia nini? Urea. Akavua miwani. Kiasi gani? Nusu kijiko. Akakaa juu ya ndoo. Shambani, akasema, kuna udongo wa kuipokea na mvua ya kuipeleka. Humu inageuka amonia, na samaki ndiye anayeivuta. Amonia naijua, jina lake na ukoo wake! Nimeifundisha darasani. Sikufikiria tu kwamba lile tangi ni chumba chenye mlango uliofungwa, na ndani mna mtu.

Hakunifokea. Alisema endelea na maji, samaki atapona, wale ni wagumu. Halafu akasema: yule dada amenipigia mara tatu. Anauliza kama bomba la sindano linaweza kuwa na mistari ya uongo. Nilimwambia, anasema Polepole, alete nilipime. Jana akapiga tena, akasema niache, tatizo si bomba.

Nikamuuliza, utamwambia? Akasema mimi nauza mimea, mama.

Nilirudi kwa miguu njia nzima.

Ijumaa, 24 Mei

Mheshimiwa amesimama wima! Amekula! Ametema, akala tena. Macho yake yamerudi kuwa na dharau. Nilicheza sebuleni peke yangu, na goti likashuhudia.

Nikasema moyoni: imepita. Samaki mzima, mimea tutanunua mingine, nitaifunga kwenye mawe mpaka uzi uishe. Hakuna haja ya kufukua. Nilikuwa nimefurahi kama mwizi aliyepita mbele ya polisi akasalimiwa.

Jioni mkwe akaleta fomu mezani. Ameomba ahamishiwe stoo ya dawa. Kupokea makasha, kuhesabu makasha, kupanga makasha. Hakuna dirisha, hakuna mgonjwa, hakuna dozi. Mkuu wake atasaini Jumatatu. Mwanangu akasema lakini samaki amepona! Akajibu: samaki ana bahati. Yule mtoto alikuwa na bahati. Siwezi kukaa nasubiri bahati ya tatu. Kama nimeshindwa na samaki mmoja, bora nikae na makasha.

Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anagawa chakula. Miaka sita ya kusoma, na wagonjwa wanamtafuta yeye kwa jina lake dirishani, nimewasikia mwenyewe siku nilipopelekwa kutibiwa goti. Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumamosi, 25 Mei

Nimejaribu mara tatu.

Ya kwanza alikuwa anaanika nguo. Nikasema mwanangu, kuna jambo. Akasema ndiyo Mama? Nikasema vibanio havitoshi.

Ya pili, mbele ya tangi. Nikasema unajua, mbolea ni kitu cha ajabu. Akafumba macho. Akasema Mama, tusiongelee mbolea, nakuomba.

Ya tatu nilifika mpaka mlangoni kwao, nikasikia anamwambia mumewe: bila Mama sijui ningefanyaje wiki hii. Nikarudi chumbani kwa ncha za vidole. Mimi! Niliyesimama mbele ya mabwana wakubwa nikawaambia mbegu zao zimeoza. Mabwana wakubwa nilikuwa siwapendi, labda ndiyo siri.

Naogopa nini? Naandika ili nijue. Kufukuzwa hawatanifukuza. Naogopa atakavyonitazama. Nimezoea kutazamwa kama mtu anayejua.

Jumapili, 26 Mei

Mwanangu kapeleka gari kuoshwa. Tuko wawili, na Mheshimiwa. Mkwe yuko mezani na fomu. Amejaza jina, amejaza idara. Kuna sehemu imeandikwa Sababu za maombi, mistari minne. Hapo ndipo kalamu yake ilipoishiwa wino. Ameitikisa, ameipulizia, ameisugua kwenye gazeti. Imekufa.

Amefungua droo zote. Nyumba hii ina mabomba ya sindano saba na haina kalamu! Ninayo mimi. Hii.

Amekuja kuiomba. Nimemwambia subiri, namalizia sentensi.

Sentensi nimeimaliza. Hii ni nyingine.

Amesema hana haraka, Mama, andika tu. Amevuta kiti, amekaa pembeni yangu, mkono mezani ukiisubiri kalamu. Ananukia sabuni ya hospitali hata siku ya mapumziko. Naandika taratibu, herufi nene, na kalamu haina dalili ya kwisha. Nikiacha kuandika itabidi nimpe. Nikimpa, kesho ataanza kuhesabu makasha mpaka astaafu, kwa sababu ya nusu kijiko ambacho hakukishika.

Anauliza ni presha ninayoandika? Nimesema hapana.

Nilikwisha sema hapana moja Jumapili iliyopita, na nimeona ilichofanya.

Amesogeza kiti, kinalia chini yake. Kutoka alipo sasa anaweza kusoma. Kwa kawaida naufunika ukurasa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto uko pajani.

Mkono wako haujakosea, mwanangu. Ulivuta mbili. Mimi nilifukia mimea, na Alhamisi ile mimi nilitia urea, na uliponiuliza nikakudanganya.

Amesoma. Kiti kimeacha kulia. Mkono wake bado ameunyoosha mezani, kiganja juu. Sijui kama bado anataka kalamu.